Si kila mgonjwa anapumua mara 20

Ndugu Mhariri,

Fungua mafaili ya wodi nyingi za watu wazima, usome safu ya upumuaji. Kitanda cha kwanza, mara 20 kwa dakika. Cha pili, 20. Mwenye nimonia, 20. Aliyekuja kurekebishiwa dawa ya presha, 20. Mzee anayehema kama mvukuto wa mhunzi, naye 20. Wagonjwa 30 hawawezi kupumua kwa mwendo mmoja kama kwaya. Namba hiyo haikuhesabiwa, imejazwa tu ili safu isibaki wazi.

Tumeianza barua na namba hiyo kwa kuwa ndani yake mna ubishi wetu wote. Muuguzi akitajwa magazetini, aghalabu hutajwa kwa mambo mawili: lugha yake kwa wagonjwa, na utekelezaji wa maagizo ya daktari. La lugha tunaliacha kwa siku nyingine, maana lina madai yake ya haki. Hili la pili ndilo linalotukera. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache katika mzunguko wa asubuhi. Saa zote zilizobaki, mwenye kuamua kama kuna jambo au hakuna, kama ni la kusubiri au la kumwamsha mtu usingizini, ni muuguzi. Uamuzi huo hauandikiwi agizo. Na unaanzia kwenye kuhesabu pumzi.

Pumzi ndiyo kipimo cha uhai ambacho mgonjwa anaweza kukibadilisha kwa kutaka tu. Mwambie unamhesabia, naye atakupumulia vizuri. Kwa hiyo shika kifundo cha mkono wake kama unayehesabu mapigo, mkono umelazwa juu ya kifua, kisha macho yako yahamie kifuani bila kusema neno. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa 4. Ukikosa pumzi moja umekosa 4 kwenye chati, na hizo 4 zinatosha kumfanya mwenye 24 aonekane ana 20. Mtoto mchanga ndiye hasa hafai kwa njia hiyo ya mkato, kwani hupumua haraka, akatua kidogo, akaanza tena. Mtoto huhesabiwa akiwa ametulia, nguo imefunuliwa, macho yako yakiwa tumboni. Anayelia au anayenyonya, msubiri. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinajulikana: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, miezi 2 hadi 11, kuanzia 50, mwaka 1 hadi kabla hajatimiza 5, kuanzia 40. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 12 na 20.

Ukiwa unahesabu, tazama pia. Misuli ya shingo inavuta? Matundu ya pua yanapanuka? Mbavu za mtoto zinabonyea ndani anapovuta hewa? Anamaliza sentensi au anaikata katikati ili apumue? Anayepumua mara 22 huku akisimulia habari, na anayepumua mara 22 akiwa ameinamia meza ya chakula mikono imekaza, wameandikiwa namba moja, lakini hakuna muuguzi aliyezoea kazi atakayewahudumia kwa mpangilio mmoja.

Pumzi ina thamani hiyo kwa sababu hupanda mapema. Damu ikipungua, maambukizi yakisambaa mwilini, figo zikichoka, sukari ikipanda hadi damu ikawa na asidi, mwili huomba hewa zaidi kabla presha haijashuka. Dalili ya mvua ni mawingu, na mara nyingi wingu la kwanza ni lile ambalo chati imeliandika 20.

Wapo wanaodhani kile kifaa cha kubana kidoleni kimeimaliza kazi hii. Kifaa hicho husema ni sehemu gani ya himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, imeibeba, basi. Hakijui kama damu yenyewe inatosha: mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 98% huku viungo vyake vina njaa ya oksijeni. Aliyevuta moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa atasoma vizuri pia, kwa kuwa kifaa hakitofautishi oksijeni na monoksidi ya kaboni. Rangi ya kucha, vidole vya baridi na kutetemeka huharibu usomaji, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu ya ukweli. Kuna na la oksijeni yenyewe. Mgonjwa aliyevalishwa barakoa anaweza kukaa kwenye 97% saa nzima wakati pumzi zake zimetoka 18 hadi 30; ukiangalia kidole tu utaandika “hali nzuri”. Na kwa wale ambao mapafu yao yameharibika kwa miaka mingi na wanajulikana kukusanya kabonidayoksaidi, lengo ni 88 hadi 92%. Kuwafikisha 99% kwa nia njema kunaweza kuwafanya wasinzie na wasiamke.

Aliyechomwa mofini, dawa kali ya maumivu, ana hatari ya upande mwingine. Yeye husinzia kwanza, pumzi hupungua baadaye. Akiwa na oksijeni puani, kifaa kitaendelea kusoma 96% huku kabonidayoksaidi ikimjaa damuni. Ndiyo maana swali la kwanza baada ya mofini ni kama anaamka kirahisi akiitwa. Anayesinzia katikati ya jibu lake mwenyewe asipewe dozi inayofuata mpaka aangaliwe upya, hata kama saa ya dozi imefika na hata kama anasema bado anaumwa. Pumzi 8 au pungufu ni dharura. Naloksoni, dawa ya kuivunja nguvu mofini, ikishatolewa, usimwache: nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na mofini huweza kuwa bado imo.

Sasa tuuchukue mfano mmoja, wa kufundishia, tuutazame kwa karibu. Mwanamume wa miaka 46, kilo 60, kapasuliwa tumbo mchana na kukatwa sehemu ya utumbo. Saa 12 jioni presha yake ni 128/78, mapigo 84, pumzi 16, mkojo mililita 45 kwa saa. Saa 2 usiku: 122/84, mapigo 98, pumzi 20, mkojo 30. Saa 4 usiku: 118/90, mapigo 112, pumzi 24, mkojo 15. Joto ni 36.4, oksijeni 97% bila msaada. Anajibu kila anachoulizwa, ila anaomba maji mara kwa mara na hatulii kitandani.

Anayetazama namba ya juu ya presha pekee atasema 118 ni presha ya kijana. Ondoa ya chini kutoka ya juu kila mara: 50, kisha 38, kisha 28. Nafasi hiyo inabana. Namba ya chini inapanda kwa sababu mishipa imejikaza. Moyo unakimbia kwa sababu kila pigo linasukuma damu kidogo kuliko lililopita. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi karibu asilimia 30 ya damu yake, yaani kama lita moja na nusu, kabla namba ya juu ya presha haijaanguka. Vijana na wajawazito huvumilia hivyo kwa muda mrefu, kisha huanguka mara moja. Anayengoja ishuke chini ya 90 ndipo apige simu, anangoja lita hiyo imalize kumwagika tumboni.

Na hapa tuseme jambo litakalowaudhi wapenda majedwali. Mwaka 2012 Royal College of Physicians, chama cha kitaaluma cha madaktari cha Uingereza, ilitoa mfumo wa alama za tahadhari, ukarekebishwa 2017 na kuitwa NEWS2. Ni mfumo mzuri, tunautetea. Lakini mpe alama mgonjwa wetu wa saa 4 usiku: pumzi 24, alama 2, mapigo 112, alama 2, presha, joto, oksijeni na fahamu, sifuri. Jumla 4. Kengele ya kuitwa daktari haraka hulia kwenye jumla ya 5, au alama 3 kwenye kipimo kimoja. Kwa jedwali peke yake huyu anaweza kupimwa tena baada ya saa 4. Kwa muuguzi anayesoma safu tatu kwa pamoja, huyu anavuja damu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wenye kuutunga mfumo hawakukusudia uchukue nafasi ya akili. Ni matumizi yetu yaliyougeuza kuwa ruhusa ya kusubiri.

Kabla ya simu kuna dakika kama 5 za kazi. Kwanza mkojo. Ungekuwa umekatika ghafla, kutoka 45 hadi sifuri, tungekagua mpira wa mkojo: umekunjwa, umelaliwa, umeziba, au mfuko umewekwa juu ya usawa wa kibofu? Kupungua hatua kwa hatua ni habari nyingine, ni figo kukosa damu. Kipimo cha chini ni nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa hiyo kwake ni 30, na sasa tuko kwenye nusu yake. Kisha bandeji ya kidonda, na usiridhike na sehemu ya juu: ingiza mkono chini ya kiuno, kwani damu hufuata mteremko na shuka la chini hulowa kabla ya bandeji. Kama kuna bomba la kutolea majimaji tumboni, usifurahie kuwa halitoi kitu mpaka uone halikuziba. Bonyeza ukucha wa kidole cha mkono sekunde 5 uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Papasa miguu, angalia baridi imeishia wapi, kwenye vidole au imepanda hadi goti. Linganisha tumbo na lilivyokuwa jioni. Na usome dawa zake: mwenye kutumia atenololi au propranololi, dawa za kupunguza mwendo wa moyo, mapigo yake huenda yasizidi 80 hata akivuja, na hapo pumzi na mkojo ndio mashahidi waliobaki.

Simu yenyewe wengi huiharibu. “Daktari, mgonjwa wa kitanda namba 7 hali si nzuri” hujibiwa “mwongezee dripu, nitapita”, nasi hatumlaumu sana daktari aliyeambiwa hivyo. Sema hivi: “Daktari, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mgonjwa wa miaka 46, amekatwa utumbo leo saa 7 mchana. Ndani ya saa 4 mapigo yametoka 84 hadi 112, pumzi 16 hadi 24. Presha 118, lakini ya chini imepanda hadi 90. Mkojo wa saa iliyopita ni mililita 15, mpira haujaziba. Miguu ya baridi hadi magotini, tumbo limekaza kuliko jioni. Nadhani anavuja damu ndani. Naomba uje sasa. Nikitoa damu ya kupima wingi na kundi wakati nakusubiri, nayo ni sawa?” Sentensi ya “nadhani” ndiyo wengi wanaiogopa, kwa kuwa wamefundishwa kwamba kudhani ni kazi ya daktari. Bila hiyo, namba zote hizo ni habari tu. Na asipokuja, apigiwe aliye juu yake, muda uandikwe.

Kwenye dawa ujuzi huo huonekana zaidi kwa kile ambacho hakikutolewa. Insulini ya haraka huanza kufanya kazi ndani ya dakika 10 hadi 20. Mgonjwa ana sukari ya 5.1, chakula hakijafika, na ametapika mara mbili tangu alfajiri. Agizo linasema yuniti 10 kabla ya kula. Anayetekeleza agizo atachoma, na baada ya saa moja atakuwa anamnywesha glukosi. Anayefikiri atasitisha, ataandika sababu, atampigia daktari. Lakini hapo hapo kuna mtego wa pili, na tumeona hata wazoefu wakiuingia: mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachishwi ile insulini ya muda mrefu kwa sababu tu hajala. Akikosa hiyo, damu inageuka asidi hata bila chakula. Kusitisha moja na kutoa nyingine, kwa mgonjwa mmoja, asubuhi moja, nani aliliandika hilo kwenye maagizo? Digoksini, dawa ya moyo, nayo: sikiliza moyo kwa stetoskopu dakika nzima, sio kifundo cha mkono, na kwa mtu mzima ukipata chini ya 60 ishike dozi uulize. Uliza pia kuhusu kichefuchefu na kuona vitu kwa rangi ya manjano, na tafuta jibu la potasiamu, kwa maana ikiwa chini, dozi ile ile ya jana inaweza kuwa sumu leo.

Mkanda wa presha unahitaji maneno machache tu. Mdogo kwa mkono mnene husoma juu. Mpira wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkono ukining’inia, miguu ikiwa imepishana, kibofu kimejaa au mgonjwa anapiga soga, namba hupanda. Watu wameongezewa dawa kwa kosa la mkanda.

Mzee aliyelala akiwa na akili zake akaamka anamwita marehemu mkewe si “uzee”. Kuchanganyikiwa kupya ni kipimo cha uhai. Kwenye NEWS2 peke yake kuna alama 3. Kabla ya kufikiria sindano ya kumtuliza: pima sukari, oksijeni na joto, papasa kibofu, uliza choo amepata lini, soma dawa zilizoanzishwa siku mbili zilizopita. Asiye na fujo, aliyejikunyata kimya na hataki kula, ndiye husahaulika. Na usikimbilie kusema hana maambukizi kwa kuwa hana homa, kwani wazee wengi hawapandi joto na wengine hushuka chini ya 36.

Ngozi pia. Vitabu vingi hufundisha kutafuta wekundu usiopotea ukibonyezwa, juu ya mfupa wa kiunoni na kwenye visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Tumia mgongo wa vidole: mahali penye joto au ubaridi kuliko pembeni, pagumu au panapobonyea kama unga uliokandwa, au panapouma, hapo kidonda kimeshaanza chini. Mgeuze, mlaze kwa ubavu nyuzi 30 tu ili asikalie nyonga, visigino vielee juu ya mto uliowekwa chini ya vigimbi.

Turudi kwenye ile 20, kwa sababu uongo huo una hesabu yake. Wagonjwa 30, dakika moja kila mmoja, ni nusu saa ya kuhesabu pumzi pekee, kabla ya presha, joto, dawa na kidonda hata kimoja. Ukipima kila saa 4 katika zamu ya saa 12, ni saa moja na nusu. Waweke wauguzi wawili kwenye zamu hiyo, mmoja akiwa chumba cha dawa. Hatuitetei 20. Tunasema inatoka wapi. Pendekezo letu kwa wakuu wa wodi ni dogo na halina gharama: asiyehesabu aache nafasi wazi aandike “sikupata muda”, na asigombezwe kwa hilo. Nafasi tupu huonyesha mahali penye upungufu wa watu. 20 ya kubuni humwambia wa zamu inayofuata kwamba saa 2 usiku mgonjwa alikuwa salama, naye atalinganisha kipimo chake na kitu ambacho hakikuwepo. Walio wagonjwa zaidi wahesabiwe kwanza: waliopasuliwa leo, walio kwenye oksijeni au mofini, na yeyote ambaye ndugu yake amesema “leo hayuko kama alivyo”. Ndugu huyo akisema hivyo, aulizwe tangu lini na kwa namna gani, jibu liandikwe kwa maneno yake.

Na wewe Mhariri, mwandishi wako akiletewa habari ya mgonjwa ambaye “hali ilibadilika ghafla”, basi familia ikiridhia na ikipewa nakala ya faili, asome chati ya saa 24 zilizotangulia. Aanze na safu ya upumuaji.

Wauguzi wa zamu ya usiku,
Wodi ya upasuaji